Yule Msichana wa Dirishani

Shangazi hakuwa mtu wa kupita dukani bila sababu. Miwani yake ilikuwa mizima, macho yake yalikuwa yamepimwa miezi miwili tu iliyopita, na Alhamisi ni siku aliyojiwekea ya kupumzisha miguu. Kwa hiyo Bi Lenzi alipomwona anausukuma mlango saa nane mchana, bahasha ya khaki kwapani, midomo ameibana, alijua leo kuna jambo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Una mteja?"

"Kaondoka sasa hivi."

"Basi geuza hicho kibao cha mlangoni. Tumefunga."

Bi Lenzi akageuza kibao. Jina hilo la utani alipewa na wateja wake, likamganda mpaka la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Duka lake la miwani lilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele kaunta na droo za fremu, ukutani chati ya herufi, nyuma ya pazia mashine ya kusagia lenzi. Humo ndani yeye ndiye huuliza maswali na watu wakajibu. Lakini mbele ya Shangazi, aliyemlea tangu ana miaka sita na ambaye alistaafu akiwa mwalimu mkuu, mwenye duka alikuwa Shangazi.

Bahasha ikafunguliwa. Zikatoka karatasi zilizochapwa, zimebanwa pini kona moja, na karibu kila ukurasa umepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Mimi sisemi kitu," alisema Shangazi. "Soma mwenyewe."

Mtu mzima akikwambia hasemi kitu, wewe vuta kiti, maana ana mengi.

"Hizi ni nini?"

"Blogu ya mchumba wako. Ile anwani aliyokuandikia kwenye kikaratasi, wewe ukaibandika kwenye friji, ikakaa pale miezi miwili kama tangazo la maji. Wewe hukuifungua. Nimeifungua mimi, nikaipeleka duka la kuchapa, wakanitolea yote. Kurasa kumi na tisa."

Hapo Bi Lenzi aliona aibu kidogo. Ni kweli hakuifungua. Fundi, huyo mchumba wake, alimwuliza mara ya kwanza kama ameisoma, akasema bado. Akamwuliza mara ya pili, akasema wiki hii. Hakumwuliza tena.

Fundi mwenyewe alikuwa fundi umeme wa miaka kumi, mtu wa kupanda ngazi na kushuka na vumbi la dari nyweleni, mpaka siku moja alipoamua anataka kuwafundisha vijana kazi hiyo. Akajiandikisha masomo ya ualimu akiwa na miaka thelathini na minne. Sasa alikuwa katika wiki ya nane ya mazoezi ya kufundisha katika chuo cha ufundi, na mkufunzi wake alikuwa amewapa wanagenzi wote sharti moja: kila mmoja awe na blogu, na kila Ijumaa aandike humo alichojifunza kuhusu ufundishaji wake. Tena si kuandika chochote. Lililokwenda vizuri lisiandikwe, maana hilo halihitaji kutafakariwa. Liandikwe lililokushinda, kwa nini lilikushinda, na wiki ijayo utafanyaje. Na jina la mwanafunzi lisitajwe hata siku moja.

"Nilikwambia tangu mwanzo," Shangazi aliendelea, yeye asiyesema kitu. "Mtu ana kazi yake ya mkono, wateja wanamgombea, anaacha yote hayo anakwenda kukaa darasani na vijana. Nikasema huyu ana lake jambo. Ukaniambia ni wito. Haya, wito ndio huo, umeketi dirishani."

"Dirishani wapi?"

"Soma, mwanangu."

Bi Lenzi akasoma palipopigiwa mistari.

*Wiki ya tatu. Msichana wa dirishani leo tena hakunitazama. Wenzake wote macho kwangu na ubaoni, yeye anatazama daftari la jirani yake. Nimejikuta somo zima nasema kwa ajili yake peke yake, na bado sikumpata.*

*Wiki ya tano. Nilimwita mbele aeleze mchoro wa saketi. Akaja mpaka karibu yangu kabisa, karibu kuliko inavyopasa, darasa likacheka. Nikamrudisha kwenye kiti. Nilikosea, ila sijui nilikosea wapi. Nimelala nikimuwaza.*

*Wiki ya sita. Karakanani ni mtu mwingine kabisa. Mikono yake inajua. Anafunga swichi uso ukiwa karibu na kazi, anakunja macho, haongei na mtu. Nilisimama nikamtazama muda mrefu nikasahau wengine.*

*Wiki ya saba. Nilimpungia mkono kwenye korido, akanipita kama hanijui. Iliniuma. Nilipomwita kwa sauti akashtuka, halafu akatabasamu. Sijui nimfanyeje huyu.*

Alirudia ya wiki ya tano. Akarudia ya saba. 

"Inaweza ikawa kazi tu," alisema.

"Inaweza."

"Wameambiwa waandike yaliyowashinda."

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na mitano, sijawahi kuandika kosa langu mahali popote, seuze kulianika watu wapite wasome. Na wanafunzi walinishinda wengi tu. Sikulala nikiwawaza." Shangazi akachukua mkoba wake. "Keshokutwa saa nne asubuhi wajomba zake wanakuja kukuposa. Wa kuwajibu ni mimi. Mimi siwezi kusema ndiyo huku nina hizi karatasi ndani ya nyumba. Muulize. Akikujibu vizuri, uniambie alivyokujibu, neno kwa neno. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu. Hayafichiki, hata kwenye blogu."

Akageuza kibao mwenyewe, akatoka.

*

Fundi alifika saa kumi na moja na nusu, sanduku la vifaa mkononi, kwa sababu plagi ya mashine ya lenzi ilikuwa inapata moto na yeye aliahidi kuibadilisha kabla ya Jumamosi. Alikuwa na uchovu wa kutwa ya kusimama mbele ya darasa, lakini alipomwona Bi Lenzi uso wake ulifunguka kama kawaida. Siku nyingine zote Bi Lenzi alipenda kufunguka huko. Leo alijiuliza ni watu wangapi wanafunguliwa uso hivyo.

"Mpenzi, hiyo mashine umeizima?"

"Nimeizima."

Akapiga goti nyuma ya pazia, akaanza kulegeza skrubu. Bi Lenzi akasimama juu yake.

"Msichana wa dirishani ni nani?"

Fundi akainua kichwa, akatabasamu. Tabasamu pana, la meno yote. Angejua lingemgharimu nini, angelimeza.

"Umesoma," alisema. "Hatimaye umesoma."

"Nimekuuliza ni nani."

"Mwanafunzi wangu. Jina siruhusiwi kulitaja, hata kwako. Umesoma mpaka wiki ya ngapi?"

"Zote. Kurasa kumi na tisa. Nimejitafuta humo ndani kama mtu aliyepoteza funguo. Simo."

"Wewe hujanishinda bado, utaandikwaje?" Alisema kwa utani, na huku akirudi kwenye plagi yake. Kuna wakati wa utani, na kuna wakati wa kunyamaza.

"Kwa hiyo yeye amekushinda."

"Amenishinda kabisa."

"Mpaka umelala ukimuwaza."

Bisibisi ikasimama. "Kama mwalimu."

"Kuna kulala kama mwalimu na kulala kama nani?"

"Sikiliza..."

"Nasikiliza. Ulisimama ukamtazama muda mrefu ukasahau wengine. Hiyo pia kama mwalimu? Alikuja karibu yako kuliko inavyopasa. Karibu kiasi gani, Fundi? Nionyeshe. Hapa? Au hapa?"

Alikuwa amesogea mpaka vidole vya miguu yake vikagusa sanduku la vifaa. Fundi akainuka taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali. Wakatazamana. Walikuwa karibu hivyo hivyo siku ile ya kwanza, alipokuja kutengeneza taa ya chati na akaishia kupimwa macho ambayo hayakuwa na shida yoyote. Alirudi mara tatu kulalamika kuwa haoni vizuri. Mara ya tatu Bi Lenzi alimwambia aseme tu anachotaka.

"Hizi karatasi kakuletea nani?" aliuliza Fundi. Alikuwa ameziona juu ya kaunta.

"Inahusu nini aliyeleta ni nani?"

"Kalamu nyekundu naijua. Alinirudishia barua ya wajomba zangu imesahihishwa."

"Usimwingize Shangazi. Jibu swali."

"Uliza sasa. Uliza kabisa, usizunguke."

"Unampenda?"

Fundi akaokota bisibisi. 

"Nasikitika unaniuliza," alisema. "Nikikuambia simpendi, utasema nimekataa haraka. Nikikaa kimya, nimekiri. Huyo msichana atatoka chuoni bila cheti, nami ndiye mwalimu wake, na sijui kwa nini hanisikii. Kila Ijumaa naandika hivyo. Naandika makosa yangu mahali pa wazi, kila mtu ayaone. Mtu mmoja tu ndiye niliyetaka ayasome. Leo kayasoma, lakini kwa kalamu nyekundu ya mtu mwingine."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema vizuri zaidi ya hivyo."

Fundi akainama akamaliza skrubu mbili za mwisho. Hakuacha kazi nusu. Hata kwa hasira hakuweza. Akawasha mashine, ikazunguka, akaizima.

"Haitapata moto tena," alisema. "Wajomba zangu wanatoka mbali, na mkubwa wao ana miguu mibovu. Kesho jioni uniambie kama waje au wasije. Sitaki kuwachosha watu wazima bure."

Akachukua sanduku lake akatoka. Bi Lenzi akabaki anaitazama plagi mpya, nyeupe, safi, na akaichukia.

*

Ijumaa asubuhi alifungua duka na macho mazito. Wivu haumwachi mtu alale. Unamketisha kitandani ukimsomea ukurasa ule ule. Alikuwa ameamua saa tisa atampigia Fundi amwambie wasije. Alikuwa ameipanga mpaka sentensi.

Mteja wa kwanza alikuwa mshonaji wa nguo, mama wa makamo, mcheshi. Bi Lenzi akatoa kadi ya maswali. Kila mteja mpya lazima aulizwe maswali manane kabla ya kupimwa, na alikuwa ameyauliza mara nyingi hata kinywa kilikuwa kinajiendea chenyewe.

"Unakunja macho ukitaka kuona kitu cha mbali?"

"Nakunja. Mume wangu anasema ninazeeka uso."

"Kazi ya karibu, kama kutunga uzi, inakupa shida?"

"Hata kidogo. Kitu kikiwa hapa puani nakiona vizuri kuliko binti zangu."

"Unapenda kukaa wapi, kwenye mwanga?"

"Dirishani. Siku zote dirishani."

Kalamu ya Bi Lenzi ikapunguza mwendo.

"Watu wakikupungia mkono kwa mbali, unawatambua?"

Mama akacheka. "Hapo ndipo nilipoharibikiwa na jina. Nawapita watu bila salamu, wananiita mwenye maringo. Kumbe masikini sijawaona. Mpaka mtu aite kwa sauti ndipo nashtuka."

Bi Lenzi aliweka kalamu chini. Akamwomba mama amsubiri kidogo, akaenda nyuma ya pazia, akazitoa zile karatasi kwenye droo.

Hakunitazama. Anatazama daftari la jirani. Akaja karibu kuliko inavyopasa. Uso karibu na kazi. Anakunja macho. Akanipita kama hanijui. Nilipomwita kwa sauti akashtuka.

Karibu kadi nzima ilikuwa pale. Maswali manane, na mwanamume asiyejua lolote kuhusu macho alikuwa ameyajibu sita, kwa uaminifu wote, wiki baada ya wiki, kwa sababu tu alikuwa anatazama na kuandika alichokiona. Kinyozi hajinyoi, ndivyo wasemavyo. Mpima macho alikuwa amesoma kadi ya mgonjwa akaona barua ya mapenzi.

Na hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi alilijua yeye na mtu mwingine mmoja tu duniani.

Alipokuwa na miaka saba aliketi dirishani. Mwalimu wa darasa lile alikuwa Shangazi mwenyewe, kabla hajawa mwalimu mkuu. Mtoto hakutazama ubao, alinakili kwa jirani, aliitwa mbele akasimama pua ikigusa chaki ya ubaoni, darasa likacheka. Shangazi alimwita mvivu darasani, halafu akaenda naye nyumbani akamwita mvivu mezani. Miaka miwili. Siku alipovikwa miwani ya kwanza, akiwa na miaka tisa, aliona majani ya mti mojamoja, akalia. Shangazi alimfuta machozi, akasema haya, sasa tusonge mbele. Hawakulizungumza tena. Hata Fundi hakuambiwa, kwa sababu angelazimika kumwambia nani aliyemwita mvivu.

Alimpima mama mshonaji, akamwandikia tarehe ya kuja kuchukua, akageuza kibao cha mlangoni. Akachukua sanduku la lenzi za kujaribia na chati ndogo ya kukunja, akaenda chuoni.

Tusimpambe. Alikwenda kupima macho, lakini pia alikwenda kumwona huyo binti usoni. Bado kulikuwa na sauti ndogo ikimwambia kwamba mtu anaweza kuwa na macho mabovu na bado akapendwa.

*

Darasa la umeme lilikuwa ghorofa ya kwanza, mwisho wa korido. Fundi alimwona mlangoni na chaki ikamponyoka. Wanafunzi wote wakageuka kumtazama mgeni. Wote, isipokuwa mmoja, aliyegeuka upande wa sauti halafu akakunja macho kutafuta kimetokea nini.

Alikuwa wa miaka kumi na tisa hivi, ovaroli imekunjwa mikono, kucha moja imepigwa nyundo. Na alikuwa mzuri. Bi Lenzi aliliona hilo, likamchoma, akalibeba hivyo hivyo.

"Mwalimu," alisema kwa heshima ya mahali, "naomba dakika kumi za mwanafunzi mmoja. Sitaki kumjua jina."

Fundi alitazama sanduku. Alilijua lile sanduku. Akamtazama binti, akatazama dirisha, na Bi Lenzi akaona usoni mwake kitu kinajipanga.

"Mungu wangu," alisema polepole.

Wakapima mita sita kwenye korido kwa tepu ya Fundi. Binti akasimama na ule woga wa mtu aliyezoea kuchekwa.

"Soma kuanzia juu," Bi Lenzi alimwambia.

"Ile kubwa ni E."

"Mstari wa pili?"

"Kuna mstari wa pili?"

Bi Lenzi akamvika fremu ya kujaribia, akaanza kutumbukiza lenzi, moja, akatoa, nyingine. Uso wa binti ulikuwa shibiri moja tu kutoka uso wake. Karibu hivyo hakuna siri kubwa inayobaki, na Bi Lenzi aliitafuta kwa makusudi. Alitafuta kiburi, alitafuta haya ya mtu mwenye jambo. Alikuta msichana anayebana pumzi asije akakosea.

Kwenye lenzi ya hasi tatu na nusu, kipimo cha mtu asiyeona mbali, binti akainua kidevu. Kisha akasoma mstari wa pili, wa tatu, wa nne, akafika wa saba bila kuulizwa. Akageuka akautazama ukuta, tangazo la mlango wa mbali, mwishowe mtu aliyesimama mwisho wa korido na tepu mkononi.

"Kumbe Mwalimu ana mvi," alisema.

Darasa zima lilikuwa limejazana mlangoni, likacheka, na safari hii binti akacheka nao.

"Ulikuwa hunioni?" aliuliza Fundi.

"Nilikuwa naona shati lako, Mwalimu. Kila siku najua umevaa la rangi gani. Nilidhani wote wanaona hivyo, ila wao wana akili." Akaigusa ile fremu nzito kama anaogopa itavuliwa. "Jumatatu nilitaka kuja kukuaga. Nilishaandika barua ya kuacha."

Bi Lenzi aliandika vipimo kwenye kadi. Mahali pa jina akaandika: wa dirishani. Mwandiko ulitoka vibaya kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa.

Fundi alimsindikiza mpaka ngazi. Walishuka hatua tatu.

"Sijaja kuomba radhi," alisema Bi Lenzi.

"Naona. Umekuja na sanduku."

"Nilikuja kumtazama pia. Ujue hilo. Nilimtazama hasa."

"Ukaona nini?"

"Mimi." Akamweleza. Miaka saba, dirisha, chaki puani, na nani alikuwa ameishika hiyo chaki. Alieleza haraka, akitazama chini.

Fundi alikaa kwenye ngazi. "Wiki nane," alisema. "Wiki nane naandika, na dawa yake iko kwenye duka ninalopita kila jioni. Ungesoma hata mara moja."

"Ndiyo."

"Na mimi ningekuuliza kwa mdomo badala ya kungoja usome. Hilo ni langu." Akamshika mkono, akauachia. "Wajomba zangu nawaambiaje?"

"Ngoja nikazungumze na Shangazi kwanza. Hili hawezi kuambiwa na mtu mwingine."

*

Shangazi alikuwa mezani, nakala nyingine ya kurasa kumi na tisa mbele yake. Alikuwa amechapisha mbili. Mwalimu mkuu hatosheki na nakala moja.

"Amekujibuje? Neno kwa neno."

"Nimemwona binti mwenyewe, Shangazi. Haoni mbali. Hasi tatu na nusu."

Kalamu nyekundu ilikuwa hewani. Ikabaki hapo.

"Macho yote mawili?"

"Yote mawili. Alitaka kuacha chuo Jumatatu. Alidhani hana akili."

Shangazi akaivuta karatasi ya juu, akaanza kusoma tena, taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika wiki ya tano, pale darasa lilipocheka, kidole kikasimama. 

"Wewe ulikuwa hasi tatu," alisema.

Bi Lenzi hakujua kama anakumbuka. Miaka ishirini na moja hakuwahi kulisikia hilo kinywani mwake.

"Inawezekana bado ana jambo na yule binti," Shangazi alijaribu, lakini sauti ilikuwa imekwisha nguvu, na yeye mwenyewe aliisikia. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Hiyo blogu, mtu akitaka kumwandikia chini yake, anaandika wapi?"

"Kuna mahali. Unataka kumwandikia?"

"Macho yangu na hicho kisimu havielewani. Andika wewe, nitasema."

Bi Lenzi akafungua. Ukurasa mpya ulikuwa umeshawekwa, wa wiki ya nane, wa saa moja iliyopita. Haukuwa mrefu. *Wiki hii nimeshindwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa haoni ubao, na mimi nilimpima moyo badala ya macho. Wa pili nampenda, na nilimngoja aje kunisoma badala ya kumwambia. Wiki ijayo, Mungu akijalia, nitaanza kwa kuuliza.*

Alimsomea Shangazi.  Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Andika," alisema. "Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilikuwa na mtoto mmoja dirishani, tena wa nyumbani kwangu. Nilimwita mvivu miaka miwili. Haonekani kunichukia, wala sijui kwa nini. Nukta."

Bi Lenzi akaandika. Herufi zilikuwa zinaogelea.

"Umemaliza? Soma."

Akasoma. Shangazi akatikisa kichwa.

"Imepungua. Ongeza. Muuguzi wa shule alinieleza muhula wa kwanza kabisa kuwa mtoto apelekwe akapimwe. Nikamwambia mtoto anadeka, simpeleki."

Kidole cha Bi Lenzi kilisimama juu ya kioo cha simu. Kwa hiyo ile miaka miwili yote Shangazi alikuwa ameshaambiwa. Alimtazama yule mama mwenye mvi aliyemfunga viatu, aliyemsomesha, aliyekaa na neno hilo tangu wakati huo.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Hakuna aliyewahi kunipa sharti la kuandika yaliyonishinda." Shangazi akavaa miwani, akaweka kifuniko kwenye kalamu nyekundu, akaisukuma upande wa pili wa meza. "Andika, mwanangu, kama nilivyosema, usipunguze. Na mwisho weka: wajomba waje saa nne, yule wa miguu nitamwekea kiti chenye mgongo."